Mashine Iliyokosa Mazutu

Siku serikali ilipotuletea mashine ya kukamua mawese, wanawake tulivaa vitenge vya sikukuu. Mkubwa aliyekuja nayo kutoka Bujumbura alisema uchumi wa nchi umelala chini, na watakaouamsha ni sisi wa koperative, vyama vya ushirika vya vilimani. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kidogo tu. Tangu utoto wangu hapa Rumonge nimekamua mawese kwa kinu cha mkono, tukizungusha nguzo mimi na dada zangu mpaka mabega yanawaka moto. Sikuzoea kupewa.

Funguo za kibanda cha mashine alikabidhiwa jirani yangu, perezida aliyeongoza koperative yetu. Alizaliwa ng'ambo ya ziwa, Kivu ya Kongo, akaja kwetu akiwa kijana. Baba yangu alipofariki, yeye, Mkristo, alishika jembe akachimba kaburi pamoja na wanaume wa msikitini.

Mashine ilinguruma majuma mawili, kisha mazutu, dizeli ya kuiendesha, ikakosekana nchi nzima. Kibanda kikafungwa, tukarudi kwenye vinu vyetu. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wengine walisema mazutu ya koperative haikuisha, ila imefichwa. Wengine wakasema, "Watu wa ng'ambo hao, utawajua?" Nilisikia, na sikumtetea.

Asubuhi moja nilikutana naye akisukuma baiskeli kwenye barabara ya Magara, bidoni mbili, madumu ya mafuta, nyuma, zimefunikwa kitenge cha mkewe.

"Amahoro, jirani. Iko unapeleka nini?"

"Mawese yangu tu, dada."

Hakusimama. Nikajiuliza, nani anapeleka mawese Magara, kwa wavuvi, na soko la mawese liko hapa hapa Rumonge? Jioni alipopita mbele ya mlango wangu akirudi, nilisikia harufu. Ilikuwa mazutu. Nikajiambia, basi ni kweli, anaiuza kidogo kidogo.

Mkubwa wa Bujumbura aliporudi kukagua, alituuliza mkutanoni kwa nini mashine imelala. Mimi nikasimama.

"Mheshimiwa, muulize perezida wetu mazutu anaipeleka wapi."

Jirani alinigeukia. Hakuonyesha hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Siipeleki, dada. Ninaileta."

Akaenda kufungua kibanda. Bidoni zilikuwa zimepangwa ukutani nyuma ya mashine, zimejaa. Alieleza kwamba huko Magara alikuwa akibadilishana mawese ya michikichi yake mwenyewe na wavuvi wanaoleta mazutu kutoka Kongo. Alingoja itoshe kukamua mavuno ya kilima kizima, ndipo atuambie.

Nilikuwa bado ninazihesabu bidoni zile mkubwa alipouliza, "Mazutu ya Kongo? Karatasi za forodha ziko wapi?"

Hazikuwepo. Bidoni zote zikapakiwa kwenye gari lake. Jirani akapandishwa nyuma pamoja na polisi waliokuja na mkubwa, akalala rumande siku mbili. Kabla ya kuondoka, mkubwa alinipa mkono mbele ya watu wote: "Murakoze sana, mama. Nchi inataka raia kama wewe." Baada ya siku chache lori lilikuja likachukua mashine, eti inakwenda kutengenezwa. Ilikuwa nzima. Nilitazama inavyofungwa kamba, nikajiuliza kama yule bwana hakuwa akitafuta sababu ya kuichukua tangu mwanzo, na mimi ndiye niliyempa.

Jirani alipoachiliwa nilikwenda kwake. Mkewe alinitazama tu, akaingia jikoni. Yeye alitoka akanipa kiti.

"Nisamehe," nikasema. "Ungeniambia siku ile barabarani..."

"Ningekuambia vipi, dada? Nilikuogopa. Nilidhani utanisemea."

Tulikaa pale, yeye akikwangua matope kwenye tairi ya baiskeli, mpaka nikaaga.

Tunasalimiana bado. Kwenye misiba tunakutana. Lakini siku hizi akipita na mzigo huwa hajaufunika, na mimi sina ujasiri wa kuutazama. Juzi shefu wa kilima alinipitia na orodha ya koperative mpya, ya mihogo. Nikamwuliza kwanza nani wengine wamejiandikisha. Akacheka bila furaha. Alisema kila nyumba aliyoingia imemwuliza hivyo hivyo, na orodha yake ilikuwa bado haina jina hata moja.