Moto Miguuni mwa Bwana Nassoro

Juzi gari langu kuukuu lilianza kunipulizia moto miguuni. Ilikuwa saa nane mchana, jua la Februari limesimama utosini, na kutoka chini ya dashibodi ikaja harufu niliyoitambua mara moja: vumbi lililoungua, mpira uliopata joto, na maji ya rejeta yenye kutu. Mtu mwingine angelaani. Mimi niliegesha kando ya barabara nikacheka peke yangu, mpaka kijana muuza maji akaja kuniuliza kama sijambo. Niwaambie ukweli, ndugu zangu. Hiyo kwangu ni harufu ya kisasi, na hakuna udi wala asumini iliyowahi kuishinda.

Miaka ya sitini, pale Bagamoyo, baba yangu, Mwinshehe, alikuwa dereva wa Bwana Nassoro, mfanyabiashara wa mbata na korosho. Bwana huyo alikuwa na gari la Kimarekani, refu, rangi ya maziwa, alilolinunua kwa mkulima wa mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Alilipenda gari lile kuliko baadhi ya wakeze. Nyuma kulimtia kichefuchefu, kwa hiyo alikaa mbele, ubavuni mwa baba, na vioo havikufunguliwa tangu Bagamoyo hadi Fukayosi au Mkange, kanzu yake isije ikapata vumbi. Hakuhitaji vioo. Alibonyeza kitufe tu, vifuniko vya ndani vikafunguka vyenyewe, na upepo ukamjia kifuani. Watu walisema gari lina jini la upepo, naye hakuwakatalia.

Baba ndiye aliyenionyesha kwamba jini hakuna. Kila Ijumaa baada ya sala nilimsaidia kuliosha. Nilikuwa na miaka tisa, binti yake, mtoto wake wa pekee. Ijumaa moja vifuniko viligoma kufunguka. Akafunua boneti, akachomoa mipira myembamba mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akinipa mdomoni.

"Vuta, mama, kisha ziba kwa ulimi."

Mpira mzima hung'ang'ania ulimi kama ruba. Wenye tundu huachia. Ule wa karibu na betri uliachia, kwa sababu maji makali ya betri yalikuwa yameutoboa, nasi tukaukata na kuuunga upya. Huku akifunga boneti alinieleza kwamba injini ikiwaka hunyonya, na mnyonyo ule hupita kwenye mipira mpaka kwenye vikombe vidogo vyenye ngozi ndani yake. Ngozi ikivutwa, inafungua upepo na kufunga bomba la maji ya moto la hita, mtambo uliotengenezwa kwa ajili ya watu wa theluji.

"Na mnyonyo ukikosekana?" nilimwuliza.

"Upepo unajifunga, na maji ya moto yanafunguka. Utachemka humo ndani kama muhogo."

Nililiweka neno hilo moyoni bila kujua nitalihitaji.

Mwaka uliofuata mama alishikwa na uchungu wa kujifungua, saa za alasiri. Mkunga alimshika tumbo, akamshika tena, akasema huyu ni wa hospitali na apelekwe sasa hivi. Baba alikimbia kwa Bwana Nassoro nami nikamfuata nyuma, peku. Gari lilikuwa uani, limepoa, halina safari. Bwana alikuwa barazani na kikombe cha kahawa mkononi. Alimsikiliza baba mpaka mwisho, kisha akasema, wala hakupandisha sauti:

"Viti vimeshonwa upya juzi tu, Mwinshehe. Damu haitoki. Tafuta mkokoteni."

Baba alisema, "Haya, bwana."

Ndugu yangu alizaliwa juu ya mkokoteni wa kubebea magunia, katikati ya njia, wanawake wamezunguka na kanga zao kuwa ukuta. Alilia mara moja. Tulipofika hospitali walimwokoa mama. Mtoto hakuifikia siku ya saba akapewa jina.

Siku ya nne baada ya maziko baba alirudi kazini. Alifungua mlango wa gari, akamkaribisha Bwana Nassoro, akaufunga polepole kama kawaida yake. Niliyaona hayo nikiwa nimesimama dirishani kwetu, na nasema bila kujificha kwamba siku ile nilimdharau baba yangu. Mama, aliyekuwa bado amelala, aliuona uso wangu.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu, Tatu," alisema.

Mimi sikusikia mshindo wowote. Niliona mwanamume aliyemezeshwa kifo cha mwanawe na bado anasema ndiyo bwana. Nikaamua kwamba kama wakubwa wameshindwa, mimi nitaweza.

Ijumaa ile baba alipokwenda kujaza ndoo, nilifunua boneti iliyokuwa imeegeshwa tu. Niliujua mpira mkuu, ule unaotoka kwenye injini kwenda kwenye kopo la kuhifadhia mnyonyo. Niliuchomoa upande wa kopo, nikauchomeka chini chini nyuma ya bomba jingine, nikashusha boneti, nikashika kitambaa na kuendelea kufuta taa. Kwenye nia sikuwa mtoto.

Jumamosi walikwenda Mkange. Gari lilitoka uani likikohoa na kutikisika, na lilirudi alasiri likikohoa vile vile. Bwana Nassoro alishuka, kanzu imemganda mgongoni, uso umewiva, akitembea kwa visigino kwa sababu nyayo zilikuwa haziguswi. Alipofungua vioo alikula vumbi, na alipovifunga aliiva. Nilijificha nyuma ya mlango nikauma kanga yangu nisicheke kwa sauti. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Kisha hofu ikanishika, maana baba hakosi kufunua boneti kila asubuhi kuangalia maji na oili. Kama leo hakuuona mpira, kesho atauona. Jioni ile alikaa kizingitini na kisu cha jikoni, akichonga mswaki. Aliuchonga ukawa mfupi kama kipande cha kidole.

"Mswaki gani huo?" mama alimtania, mara ya kwanza tangu msiba. "Wa paka?"

Baba akatabasamu, akautia mfukoni mwa shati.

Kesho yake injini iliunguruma vizuri, haikukohoa tena. Nikadhani ameurudisha mpira. Lakini Bwana Nassoro alirudi amechemka kama jana, na kesho kutwa vile vile. Nikajiambia injini imezoea, kama mtu anavyozoea msiba. Mtoto akitaka jambo liwe, hupata sababu.

Wiki tatu alichemka. Kila jioni nilisikia swali lile lile uani.

"Mwinshehe, hili gari lina nini?"

"Sioni kilichovunjika, bwana."

Na kweli, hakukuwa na kitu kilichovunjika.

Sasa, mtu wa kwetu akiona jambo lisilo na sababu, huanza kuikagua roho yake. Bwana Nassoro aliita mwalimu akalisomea gari Yasini. Akalifukiza ubani, milango yote imefungwa, moshi ukatoka mpaka kwenye taa. Akafunga hirizi chini ya kiti. Moto haukupungua. Mwishowe mwalimu akamwuliza kama kuna mtu aliyemnyima gari hili akiwa na dhiki. Habari hiyo ilitufikia kabla ya adhuhuri, maana Bagamoyo haina siri ya kumaliza mchana.

Alhamisi alasiri alikuja kwetu kwa miguu, yeye ambaye hata sokoni huendeshwa. Mama alikuwa ukumbini akichambua mchele. Hakumwamkia. Ninyi mnaojua pwani mtajua uzito wake, mwanamke wa umri wa mama kumwona mzee wa umri ule na asiseme shikamoo. Baba alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Bi Mwanaidi," Bwana Nassoro alisema, "nimekuja kuomba radhi. Nilikukosea wewe na mtoto wako."

Mama aliendelea kutoa mawe kwenye ungo. "Mtoto yupi? Wa kike au wa kiume?"

Bwana Nassoro alimtazama baba, naye baba akatazama sakafu. Bwana hakujua. Wiki zote zile alikuwa akiketi bega kwa bega na baba wa yule mtoto, na hakupata kumwuliza.

"Basi nenda kaulize," mama alisema. "Ukijua, urudi."

Alirudi kesho yake baada ya sala ya Ijumaa. Inaonekana alikwenda kwa mkunga. Alisimama pale pale na kusema, "Wa kiume," kisha akalia, mzee mzima, machozi yakiingia kwenye ndevu. Mama akamwambia amemwachilia. Mimi hakuniomba, na mpaka leo sijamwachilia.

Jumamosi upepo ulifunguka ndani ya gari, moto ukazimika. Mji mzima ulisema radhi imepokelewa. Mimi sikuugusa ule mpira tena, nikaamini na mimi kwamba labda Mungu ameurudisha kwa mkono wake, maana sikumfikiria baba hata kidogo. Kwangu alibaki yule aliyesema haya, bwana. Nilikua na dharau ile, nikaolewa nayo. Nilipokwenda kumzika nilimlilia kidogo kuliko alivyostahili. Katika kopo lake la spana, kati ya nati na waya, kulikuwa na kijiti kifupi, cheusi kwa mafuta. Nilikitupa jalalani pamoja na matambara.

Basi juzi, fundi niliyempelekea gari, kijana mpole, aliufuata mnyonyo mpira kwa mpira, akivuta na kuziba kwa ulimi. Kikombe cha hita kilikuwa kimepasuka ngozi. Alisema atanitafutia kingine, ila kwa sasa nivumilie moto. Kisha akaokota kijiti, akakichonga kwa kisu na kukisokomeza kwenye ncha ya mpira.

"Hicho cha nini?" nikamwuliza.

"Ukiuacha wazi, mama, injini inavuta hewa, inakohoa. Ukiziba hivi gari linakwenda vizuri kabisa, ila hita ndiyo haizimiki."

Nilikaa juu ya tairi lililokuwa pale. Aliniuliza kama naumwa.

Baba aliukuta mpira wangu siku ile ile ya kwanza. Angeweza kuurudisha kwa vidole viwili. Badala yake alichonga kizibo, akanifichia kosa langu, akapanda ndani ya moto ule ule na kuoka miguu yake wiki tatu ubavuni mwa Bwana Nassoro, akisubiri mtu yule atembee mpaka kwetu.