Majirani Wasioisha

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya wasichana kule Olenguruone, mwalimu mkuu aliniuliza kabla sijaketi, "Madam, hawa wasichana wataiweza hesabu?"

"Wataiweza," nikasema, ingawa sikuwa nimemwona hata mmoja.

Ijumaa baada ya vipindi tulikuwa na chama cha hesabu. Nilipenda kuwapa namba zenye nguvu: kila namba tasa inayoigawa namba hiyo, mraba wake pia lazima uigawe. 72 inagawika kwa 2 na kwa 4, kwa 3 na kwa 9, kwa hivyo ina nguvu. 12 haina, maana 3 inaigawa lakini 9 haiigawi. Tulipima mapengo kati ya namba hizo. Kutoka 9 hadi 16, saba. Kutoka 16 hadi 25, tisa. Chini ya mia, 8 na 9 pekee ndizo zilikuwa majirani, zikifuatana bila pengo.

Nilipohamishiwa shule ya Bahati nilikianzisha chama changu huko pia. Mwalimu mkuu wa huko hakukipenda. "Haya hayaji kwa mtihani," alisema. "Muhula ukiisha, tunakifunga."

Nilimwomba aje kwenye kikao cha mwisho. Alikuja, akasimama mlangoni.

Wanjiru wa kidato cha tatu aliomba chaki. Muhula mzima alikuwa akiniuliza kama majirani wale huwa wanaisha, nami nilikuwa nikimjibu kwamba sijui.

"Hawaishi, Madam," alisema. "Chukua majirani wawili, wazidishe, halafu mara nne. Zote zina nguvu, kwa hivyo jibu lina nguvu. Ongeza moja, unapata mraba, na kila mraba una nguvu." Akaandika: 8 mara 9 mara 4 ni 288. Jirani yake, 289, ni 17 mara 17. "Sasa hawa wawili nao wanazaa wengine. Na hao wengine. Hakuna mwisho!"

Mwalimu mkuu alikuja ubaoni, akachukua chaki, akajaribu mwenyewe na 288 na 289. Alijaza ubao, akageuka akicheka.

"Madam, hiki chama kisifungwe. Muhula ujao nitakuja tena."

Wasichana walipiga kelele hadi mpishi akatoka jikoni kuangalia.

Nimestaafu, naishi mtaa wa Free Area. Wanjiru anafundisha chuo kikuu. Wanaoanza ualimu huniuliza kazi hii ilinilipa nini. Huwaambia mwanafunzi wangu aliniuliza swali nisilolijua jibu lake, kisha akanijibu yeye mwenyewe mbele ya watu wote. Natembea mjini kifua mbele.