Dripu Nne za Moroni

Uvimbe wa shingoni ulinirudia mara ya tatu mwaka wa pili baada ya kisiwa chetu cha Nzwani kujitenga na visiwa vingine vya nchi yetu. Nilikuwa mwalimu mjini Mutsamudu, mama wa watoto wawili. Saratani yangu ya tezi za limfu haikusikia tena dawa kali zilizoninyonyoa nywele hadi kope. Daktari wa Moroni, mji mkuu ulio kisiwa kingine, alikuwa na tumaini moja, dawa mpya ambayo kaka yangu angeituma kutoka Marseille ndani ya sanduku la baridi.

Nilivuka kwa boti, sanduku likafika, na siku chache baadaye safari za kati ya visiwa zikasimamishwa. Nilipanga chumba mtaa wa Badjanani, kwa mjane aliyeuza vitambaa. Wiki ile ile watu, kwa hasira ya kujitenga kwetu, wakaanza kutusaka Wanzwani mitaani. Nikafunga begi.

"Unakwenda wapi?" mjane akaniuliza.

"Sijui, dada. Sitaki wavunje mlango wako kwa ajili yangu."

Alilichukua begi, akalisukuma chini ya kitanda. "Mimi nami nilisakwa hivi kule Majunga nikiwa msichana, wenyeji walipotugeukia sisi watu wa visiwani. Jirani Mmalagasi alituficha siku tatu kwenye stoo yake ya mchele. Kaa ule. Kesho una dripu."

Asubuhi alinishika mkono. "Usifungue mdomo," alinionya, maana lafudhi yangu ingenifichua mara moja. Njiani mtu mwenye rungu akatuzuia, akanitaka niseme natoka wapi.

"Mdogo wangu hawezi kuongea," mjane akamjibu. "Tazama shingo yake."

Yule mtu akatazama. Akashusha rungu. "Piteni. Mungu amponye."

Hospitalini daktari alinieleza kwamba dawa ile inazishika seli mbovu na kuzitia alama, ili kinga ya mwili wangu mwenyewe izitambue na kuziua. Dripu ya kwanza ilinitetemesha hadi meno yakagongana; muuguzi akaipunguza kasi, akanifunika mablanketi mawili. Ya pili niliivumilia. Baada ya ya tatu, nilifunga kifungo cha juu cha gauni bila kujikaba, nikamwita mjane aje aone. Alipiga kigelegele.

Nilimaliza ya nne, na boti ziliporudi, mume wangu alinipokea bandarini Mutsamudu. Alinipapasa shingo mbele za watu, akitafuta uvimbe, asiuone.

Bado narudi Moroni kupimwa. Sipangi chumba tena. Nafikia kwa dada yule wa Badjanani, tunapika, tunabishana nani kazidisha chumvi.