Mwenzetu wa Nne Bandarini Mwanza

Haya ninayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe. Sikuhadithiwa na mtu. Na kama ningekuwa mtu wa kutunga, ningetunga kisa cha kunipa sifa. Hiki kinaniaibisha, na nimekaa nacho miaka mingi kabla ya kukifungulia mdomo. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, sikulazimishi, ila nisikilize mpaka mwisho.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Mwingereza. Mume wangu alikuwa fundi wa kuweka magogo ndani ya mashimo ya dhahabu, kule Geita, na tulikaa kambini pamoja na watu wa kila kabila. Tulikuwa wanawake wanne tukiuza uji na vitumbua nje ya mgodi, asubuhi, wanaume wa zamu ya usiku wakitoka na wa mchana wakiingia. Mimi; Mama Hamisi, aliyetokea Tabora; Mama Salome, Msumbwa, mwimbaji wa kanisani; na Mama Kulwa.

Mama Kulwa alikuwa Mzinza wa kando ya ziwa, upande wa Chato. Mama wa mapacha, mnene, mcheshi, mwenye kikohozi kisichokwisha. Ndiye aliyetutia wazimu wa meli. Alituambia kwamba alipokuwa binti alikuwa akisimama ufukweni jioni akiiona meli ya Bukoba ikipita mbali, imewaka taa toka mwanzo mpaka mwisho.

"Nilidhani ni harusi," alisema. "Nilidhani kuna watu wanafanya harusi juu ya maji kila wiki, na mimi sialikwi."

Tulicheka mpaka uji ukamwagika. Lakini maneno yale yalituingia. Tukakubaliana kwamba sisi wanne tutapanda meli kutoka Mwanza mpaka Bukoba, tulale humo usiku mmoja, tuione hiyo harusi, kisha turudi. Hatukuwa na mgonjwa wa kumwona wala msiba wa kwenda. Kwenda tu. Umewahi kusikia wanawake wa kambini wakifanya hivyo siku zile? Waume zetu walidhani tumerogwa.

Tatizo lilikuwa Mwanza. Lori la kutoka Geita lilifika jioni, na meli iliondoka kesho yake alasiri. Tulihitaji mahali pa kulala usiku mmoja tu, na mimi niliyejifanya mpangaji wa safari niliumiza kichwa miezi miwili. Nyumba za wageni zilikuwapo, lakini zilikuwa ghali kwa watu kama sisi, na mwanamke aliyeonekana akiingia humo bila mume alirudi kwao na jina jingine. Kwa masista tungelala bure, ila palikuwa mbali na bandari, na Mama Hamisi hakutaka. Mwishowe nikamkumbuka shangazi yangu, aliyekuwa na chumba mtaa wa Mirongo na kuuza samaki wakavu sokoni. Nikampelekea barua kwa dereva wa lori. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, kwa mwandiko wa mtu aliyemwandikia: karibuni, sitaki malipo, leteni unga tu. Lakini chumba ni kidogo. Watatu mtaenea, wa nne hapana.

Unajua nilifanya nini? Ningeweza kuwasomea wenzangu wote barua ile, tukaamua pamoja. Sikufanya hivyo. Niliisoma peke yangu, na kabla sijaikunja nilikwishajua nani wa kumwacha. Mama Kulwa ni mnene. Mama Kulwa anakohoa usiku. Na wiki zile alikuwa na homa inayokuja na kuondoka. Nikawaita wale wawili pembeni, nikawaambia.

"Lakini wazo lenyewe ni lake," alisema Mama Salome.

"Basi baki wewe," nikamjibu.

Mama Hamisi alitazama chini. Tukamwambia Mama Kulwa kwamba safari imeahirishwa mpaka pamba ivunwe, naye akaamini. Alikuwa amesuka mkeka mpana wa kutandika kwenye sitaha ya meli, wa kulalia watu wanne, na alikuwa amekwisha kunikabidhi. Nilipotaka kumrudishia alikataa. "Kaa nao, shoga. Wewe ndiye mwenye safari."

Nami nikakaa nao. Na siku ya kuondoka, niamini, niliubeba.

Tuliondoka Jumanne alfajiri. Tulimdanganya kwamba tunakwenda Nyarugusu kuuza vitumbua kwa wachimbaji. Alisimama mlangoni kwake amejifunika blanketi la kijivu, homa imempanda, akatupungia mkono. Hakuuliza mkeka ule unakwenda kufanya nini Nyarugusu.

Jambo la kwanza lilitokea kwenye kivuko. Abiria wote tuliteremka, tukavuka, na upande wa pili utingo akawa anatupa mkono mmoja mmoja kupanda tena loriini. Alimvuta Mama Hamisi, akamvuta Mama Salome, akanivuta mimi. Kisha akabaki ameinama, mkono ameunyoosha.

"Haya, mama, panda. Tunachelewa."

Nikageuka. Pale chini palikuwa na barabara tu na ng'ombe waliokuwa wakinywa maji mbali.

"Unasema na nani wewe?" nikamuuliza.

Akafikicha macho. "Samahani. Nilidhani mko wanne."

Mimi na Mama Hamisi tulicheka. Mama Salome hakucheka.

Tulifika Mirongo jua likizama. Shangazi alitupokea kwa furaha. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, ng'wanawane, mwanangu, karibuni, karibuni ndani." Akatupikia ugali kwa dagaa. Chakula kilipoiva alichukua birika na beseni, akatunawisha. Mama Hamisi, Mama Salome, mimi. Halafu akaenda mpaka mlangoni, akainama na birika lake, akangoja.

"Shangazi, unamnawisha nani?"

"Mwenzenu. Mbona mmemwacha akae kizingitini kama asiye na kwao? Ni kweli niliandika watatu, lakini mtu akishafika nimfukuze? Tutabanana. Mwambieni aingie."

"Shangazi," nikasema, "tumekuja watatu."

Alinitazama. Akautazama mlango, akautazama kwa muda mrefu kweli. Kisha akamwaga maji yale taratibu nje, akafunga mlango. Alipotaka kuzima taa ndipo alinisogelea akaninong'oneza sikioni: "Huyo mliyekuja naye ana matope mpaka magotini. Ametembea sana."

Nilijiambia shangazi amezeeka. Wewe ungejiambia nini?

Tulilala kwenye ule mkeka. Watatu juu ya mkeka wa watu wanne, na bado tulikuwa tumebanana, hatujui kwa nini. Usingizi ulipoanza kunichukua nikasikia mtu anakohoa. Kikohozi kile nilikijua. Ungekuwa umekaa naye jikoni miaka minne, nawe ungekijua.

"Ni nani aliyekohoa?" Mama Salome aliuliza gizani.

"Majirani," nikasema. "Laleni. Na mshukuru tulimwacha yule, tungekesha usiku kucha."

Kikohozi kikakatika palepale. Hakikufifia. Kilikatika kama mtu aliyejiziba mdomo kwa kiganja asitusumbue. Nililala macho mpaka asubuhi, lakini sikuinuka kwenda kufungua mlango.

Sasa usidhani lililo kubwa lilinipata gizani. Lilinipata mchana, jua kali, mbele ya watu mia. Jumatano baada ya adhuhuri tulikuwa kwenye foleni bandarini. Meli ilikuwa pale gatini, nyeupe, bomba lake linatoa moshi, wapagazi wanapakia magunia. Mlangoni kulikuwa na karani wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Akachana tiketi ya Mama Hamisi, akachana ya Mama Salome, nao wakatangulia kwenye ngazi. Akachana yangu. Kisha akainua macho, akatazama nyuma yangu.

"Na huyu mwenzenu? Tiketi yake iko wapi?"

Nikageuka.

Mama Kulwa alikuwa amesimama karibu nami, hatua moja tu. Alikuwa amejifunika lile blanketi la kijivu. Miguu yake ilikuwa na matope mpaka magotini, na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Hakuwa amekasirika. Hakuwa ananitazama mimi hata kidogo. Alikuwa anaitazama meli, anatabasamu, kama mtu aliyefika harusini baada ya kuichungulia kwa mbali maisha yake yote. Kisha akanigeukia, akangoja nimsemee.

"Mama, nakuuliza," karani akasema. "Mko pamoja?"

Nilijua nimemwacha Geita, mlangoni kwake, na homa. Niliogopa. Lakini nitakuambia ukweli: haikuwa hofu peke yake. Niliona aibu pia. Niliona kwamba nikisema ndiyo, itabidi niseme na mengine yote.

"Simjui," nikasema.

"Humjui?"

"Simjui mtu huyu. Sisi tuko watatu."

Tabasamu lake halikuondoka mara moja. Liliondoka polepole, kama mtu asiyesikia vizuri anayengoja urudie ulilosema. Karani akamwambia kwa adabu, "Rudi nyuma, mama, uwapishe wenye tiketi." Naye akageuka. Watu walimpisha, walimwona kama ninavyokuona wewe. Mwanamke muuza machungwa alisogeza kikapu chake apite. Nilimfuata kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya bohari za pamba.

Meli ilipiga honi, tukaondoka. Jioni taa zikawashwa, toka mwanzo mpaka mwisho, kama alivyosema. Abiria walikuwa wakiimba. Sisi tulikaa juu ya mizigo yetu na mkeka hatukuutandika. Mama Salome aliniuliza mara moja tu, "Ulimkana?" Alikuwa ameliona lile blanketi akiwa juu ya ngazi.

Tulirudi kambini Jumapili tukijua tunakuta msiba. Mama Hamisi njiani alikuwa akinong'ona maneno ya kuwapa pole wafiwa. Lakini tulipokaribia tuliwaona mapacha wanacheza, na mama yao ameketi nje anachagua maharage.

Mume wake ndiye aliyetueleza. Saa moja baada ya sisi kuondoka, Mama Kulwa alianguka mlangoni. Akalala siku nzima na usiku kucha bila kusema, macho nusu wazi, pumzi kama ya kifaranga, mpaka wakamwita mchungaji aje kumwombea. Jumatano alasiri akasema kwa sauti, "Haya, narudi," akaamka, akaomba maji. Alilalamika miguu tu, kwamba inamuuma.

Aliwakumbatia Mama Hamisi na Mama Salome kwa furaha. "Poleni na safari, wenzangu. Meli ni nzuri, eeh? Niliiona." Na akawaeleza: birika la shangazi, machungwa bandarini, miwani ya karani iliyofungwa uzi. Hakuwa na kinyongo hata chembe. Wale wawili walilia, akawabembeleza yeye.

Nikasogea. "Mama Kulwa, ni mimi."

Alinitazama kwa heshima, kama unavyomtazama mgeni wa watu. Kisha akamgeukia Mama Salome. "Huyu mama simjui. Mmekuja naye?"

Nilidhani ananiadhibu. Laiti ingekuwa hivyo! Hakuwa anajifanya. Katika kumbukumbu zake wauza uji pale mgodini walikuwa watatu siku zote, na mimi sikuwahi kuwapo. Alijua jina la mume wangu. Alijua nyumba yangu, akidhani mwanamume yule anaishi peke yake. Kila asubuhi nilimsalimia, na kila asubuhi alinijibu vizuri, akaniuliza natoka wapi. Kesho yake alikuwa amekwisha kunisahau.

Siku moja nilimpelekea mkeka wake. Aliupapasa, akausifu mno. "Kumbe na kwenu mnasuka hivi?" Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikamweleza yote: barua, uongo wa pamba, maneno niliyoyasema usiku ule Mirongo, na neno nililolisema bandarini. Sikuficha kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, na machozi yakawa yanamtiririka.

"Maskini," akasema. "Na huyo mwenzenu, alipona?"

"Ni wewe, Mama Kulwa. Nisamehe."

Akanishika mikono, akaninyanyua. Mikono yake ilikuwa na joto. "Nikusamehe nini, mama, na mimi hujanikosea? Nenda kamwombe huyo mwenyewe. Naona unaumia. Nenda ukamtafute."

Nilirudi mara nyingi. Jibu lilikuwa hilo hilo, kwa upole ule ule.

Baada ya miaka miwili mume wangu alipata kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, tukahamia huku Shinyanga. Mama Kulwa aliishi mpaka akaona wajukuu. Habari za kifo chake zilinifikia baada ya mazishi, nami sikujua nitume salamu za rambirambi kwa jina gani. Mpaka leo hakuna usiku ninaolala kabla ya kufungua mlango nikatazama kizingitini. Sijawahi kukuta mtu.

Basi wewe unayepanga safari na wenzako, na nafasi ni ndogo, kaeni chini wote msemezane, abaki anayekubali mwenyewe kubaki. Na ukifika mlango wowote, mtu akakuuliza, "Na huyu mwenzenu?", usigeuke kwanza kutazama ni nani. Sema ndiyo, tuko naye. Mengine mtayamaliza mkishaingia.