Pedali Iliyokataa Kupanda

Mtaa mzima ulimwita Mama Spana. Alikuwa ametengeneza breki za magari kwa miaka ishirini na sita, na gereji yake ilikuwa ua wa nyumba yake mwenyewe: bati juu, saruji iliyokolea grisi chini, meza yenye jiriwa ya kubania vyuma, na mlango wa jikoni hatua nne kutoka hapo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Gari likitoka mikononi mwake dereva hakuuliza kitu. Aliwasha akaenda zake.

Asubuhi hiyo gari lililokuwa juu ya stendi lilikuwa pikapu kuukuu ya shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa mchukuzi wa maziwa. Siku iliyotangulia Mama Spana alikuwa amefungua kalipa zote mbili za mbele, vile vyuma vinavyobana diski, kwa sababu zilikuwa zinang'ang'ania. Akazisugua kwenye beseni moja, akabadilisha mipira ya ndani, akazirudisha. Iliyobaki ilikuwa kutoa upepo kwenye paipu za breki, kazi ya nusu saa.

Mumewe, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa likizo, alikaa kwenye kiti cha dereva kumkanyagia pedali. Alihesabu kwa sauti kama yuko darasani: moja, mbili, tatu, shikilia. Chini ya gari mkewe alilegeza nipo, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo, mafuta ya breki yakashuka kwa mpira mwembamba hadi kwenye chupa. Yalikuwa safi, bila povu. Akakaza, akamwambia akanyage kawaida. Pedali ikazama mpaka sakafuni, laini kama godoro.

Wakazunguka magurudumu yote manne, kisha wakazunguka tena. Ukikanyaga mara moja, pedali inazama. Ukirudia haraka haraka, inapanda na kushika. Maana yake upepo umo humo ndani mahali fulani, na hautaki kutoka. Mzunguko wa tatu mwalimu aliacha kuhesabu kwa sauti.

Saa nne shemeji akafika, jasho linamtoka. Madumu ya maziwa yalikuwa kwa jirani, kivulini, na wateja wake walikuwa wakimsubiri chini ya mteremko; jua likizidi maziwa yangeharibika. Akaingia garini, akakanyaga mara kadhaa.

"Mbona inashika? Nitakuwa napampu mara mbili kabla ya kila kona. Kilometa kumi na moja tu, shemeji."

Mama Spana alipitisha mkono dirishani, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa ovaroli.

"Mteremko ule haukupi nafasi ya mara ya pili," alisema.

Shemeji akalalamika kwamba anataka kumharibia riziki, akaongeza na mengine ambayo hakupaswa kuyasema, kisha akaenda kukaa juu ya tairi bovu na kununa.

Asichokijua ni kwamba hofu ya Mama Spana haikuwa ya mteremko peke yake. Mama mzazi wa Mama Spana alianza na vitu vidogo akiwa na miaka hamsini na mitano: chumvi mara mbili kwenye mboga, ufunguo wa mlango ndani ya kopo la unga. Alipofika sitini alimtazama binti yake na kumuuliza, kwa adabu kabisa, yeye ni mtoto wa nani. Mama Spana sasa alikuwa na miaka hamsini na minne. Tangu pedali ilipozama mara ya kwanza alikuwa akijaribu kukumbuka alivyozirudisha zile kalipa, na kumbukumbu haikuja. Spana namba kumi ilimteleza mara mbili ikamchuna kidole.

Alikwenda bombani akanawa uso. Aliporudi alichukua kibano akabana mpira unaopeleka mafuta kwenye breki za nyuma, mumewe akakanyaga. Pedali ikazama vilevile. Akauachia, akabana miwili ya mbele. Safari hii pedali ilisimama ngumu kama jiwe. Basi masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, ni nzima, na nyuma hakuna tatizo. Upepo uko mbele.

"Huko huko nilikoshika mimi," alisema polepole.

Akalala chali na tochi chini ya gurudumu la kulia, akatazama kwa muda mrefu. Nipo ilikuwa imeelekea chini. Akatambaa hadi kushoto, nako vivyo hivyo. Upepo hukimbilia juu, na nipo ikiwa chini mafuta hutoka safi na upepo hubaki umejikalia. Kalipa ya kulia alikuwa ameifunga kushoto, na ya kushoto kulia.

Alitoka chini ya gari akaketi pale pale kwenye saruji. Mumewe akashuka.

"Nimezibadilisha, Mwalimu. Nimezibadilisha na sikujua."

"Si utazirudisha?"

"Siogopi kalipa mimi."

Mwalimu akaelewa. Yeye ndiye aliyekuwa akifunga geti kila alasiri ili mama mkwe asipotee njia. Hakumwambia kwamba si kitu. Aliketi naye chini, na suruali yake safi, akamwambia wamalize gari kwanza, kisha wataenda hospitali wote wawili.

Mama Spana akazifungua kalipa upya. Kabla ya kila nati alitamka anachofanya, na mumewe akarudia nyuma yake kama mwanafunzi. Walipotoa upepo, mapovu yalibubujika chupani, na pedali ikapanda ikasimama katikati kwa nguvu. Akaliendesha mwenyewe barabara ya nyuma ya nyumba, akafunga breki ghafla mara sita. Aliporudi alimwambia shemeji ukweli: "Kosa lilikuwa langu." Shemeji alikuwa na mzaha mdomoni. Alipomwona uso akaumeza, akapokea ufunguo kwa mikono miwili.

Mama Spana akafagia sakafu iliyokwisha kufagiwa, simu ikiwa mezani. Baada ya dakika arobaini ikalia. Amefika, alisema shemeji, breki zinakamata mpaka kofia inamtoka. Dumu moja tu ndilo lililoharibika.

Wiki iliyofuata daktari alimpa maneno matano ya kukumbuka, akamchoresha saa, akampa hesabu za kurudi nyuma. Akasema haoni dalili mbaya, lakini arudi baada ya miezi sita. Kati ya maneno matano Mama Spana alikumbuka manne. Njia nzima ya kurudi nyumbani alilitafuta la tano. Mwalimu alikuwamo chumbani kwa daktari na alilijua, akawa anasubiri aulizwe. Mama Spana hakumuuliza; alitaka alipate mwenyewe.