Koili Niliyoilinda

Ngoja nianze na la aibu. Nilienda kanisani na koili ya oveni kwenye mkoba. Imeungua, imekatika katikati, haifai hata kuchomea mahindi. Tuliposimama kuimba ikachomoza, mzee wa kanisa akaniuliza taratibu kama ni mtego wa panya.

Kuiacha nyumbani Sekei nilikuwa siwezi, mtu asije akaichukua. Zilikuwa zile siku za ruksa, maduka yamejaa vitu kutoka kila mahali, na nusu ni feki. Kuna fundi aliwahi kunibadilishia spika ya redio, tangu hapo taarifa ya habari inakohoa. Oveni yenyewe kuukuu, niliinunua kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Na Jumapili inayofuata rafiki yangu wa Akheri alikuwa na kipaimara cha binti yake, keki nimeahidi mimi.

Madukani mjini wote walitikisa kichwa. Wakanielekeza kwa mzee mmoja Mchaga, anaenda Nairobi kila wiki kufuata spea. Akasema inapatikana, ila nimwachie ile mbovu akalinganishe.

Nikamtazama mikono. Mtu anataka koili mbovu ya nini? Nikamwambia siachi kitu, aandike tu vipimo. Nikapima mbele yake: shubiri mbili na vidole vinne.

"Mama, niachie sampuli."

"Andika, baba. Mimi nimesoma."

Nimesoma mpaka kidato cha pili, hilo sikulisema.

Ijumaa akarudi na koili mpya, inang'aa. Nikaikagua kama askari wa mpakani, nikainusa kabisa. Nyumbani haikuingia. Huko Nairobi mzee alipima kwa shubiri zake, na ana viganja kama sepetu. Mlango wa oveni ukabaki wazi kama mdomo wangu.

Keki nikaipika kwenye sufuria, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko. Ikaungua juu, ikalala upande. Nikaikwangua, nikaifunika sukari nyingi. Binti aliikata akiwa amepinda shingo upande, ili aione imenyooka.

Jumatatu rafiki yangu alirudisha sinia la keki, nikamweleza yote, nikimlaumu yule mzee. Akasikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Dada, koili ilishakufa. Kwani maiti nayo huwa inaibiwa?"