Pini ya Mfupa

Sonara wa Mtemi Talorgen hasemi neno mpaka apulize kwanza. Hupulizia fedha, hupulizia uji wa shayiri, hata anayemwamkia hupulizwa, huku kidole gumba chenye kovu la moto kikisugua goti. "Mnyama wa bizimu langu mwongezee meno," wakubwa humwagiza, kila mmoja akitaka bizimu lake la fedha la kubania joho lilifunike la jirani. Naye huchonga. Joho lake mwenyewe amelibana kwa pini ya mfupa wa nguruwe.

"Fundi, hiyo umeiokota jalalani?" Mtemi humcheka.

Zilipofika habari za maharamia, wakubwa walifukia fedha yao yote kanisani, hadi bizimu la mwisho. Asubuhi wakajipanga ufukweni, upepo ukiwavamia, mkono mmoja umeshika ngao na wa pili umeng'ang'ania joho, maana mkubwa bila joho ni mtu tu. Mikuki ililala mchangani.

"Mzee wangu," Mtemi alimnong'oneza sonara, "huna pini nyingine kama hiyo?"

Sonara akapuliza kwanza, taratibu.

"Ninayo, Mtemi. Unataka yenye meno?"